Fedha ya Kambini, Hasara ya Kijijini

Katika mji wa Karatu, kando ya barabara ipandayo kuelekea lango la Loduare na kreta ya Ngorongoro, umekuwapo kwa miaka mingi ubishi mdogo usioandikwa magazetini. Dereva au mpishi wa msafara wa watalii amepewa bakshishi ya noti ya dola 20. Noti yenyewe ni halali, haikughushiwa wala haikuchanika. Aipelekapo kwenye duka la kubadilishia fedha, karani huigeuza, huusoma mwaka uliopigwa chapa pembeni, kisha huirudisha kwa ncha ya kidole: ni ya zamani mno, haipokelewi. Au huipokea kwa bei iliyo chini ya ile ya noti ya dola 100. Mtu huyu amefanya kazi siku saba, ameamka saa kumi alfajiri katika baridi ya ukingo wa kreta, na sehemu ya pato lake ni karatasi ambayo aliyempa angenunua nayo mkate kesho huko kwao, ilhali yeye hawezi kununua nayo kilo moja ya sukari Karatu.

Wengi huliona jambo hili kuwa ni bahati mbaya ya mtu mmoja, kama mtu aliyeuziwa yai viza. Sisi twaona kuwa lina ukoo mrefu, na ukoo wenyewe ni wa kijeshi. Dola ya Ngorongoro haikuletwa na askari, ni kweli. Imeletwa na mgeni wa amani aliyekuja kutazama kifaru na simba. Lakini desturi ya wageni kuingia katika nchi pamoja na fedha yao, wakaizungushia ua, na mwenyeji akabaki nje ya ua huo na karatasi isiyomfaa, ni desturi ambayo majeshi yaliitumia kwa makusudi na kuiandikia kanuni. Atakaye kuielewa hali ya Karatu na aitazame kwanza fedha ya askari.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi yaliikalia Ujerumani. Mataifa hayo yalikuwa na marki za kijeshi zilizopigwa chapa ili zitumike huko. Marekani iliwapa Warusi vibao vya kupigia chapa noti hizo, nao wakazipiga kwa wingi usio na kipimo, wakawalipa askari wao mishahara iliyolimbikizwa tangu zamani. Askari wa Kirusi hakuweza kwenda nazo kwao; basi alinunua saa za mkono na sigara kutoka kwa askari wa Kimarekani kwa bei yoyote aliyotajiwa. Naye Mmarekani alizipeleka marki zile kwa mhasibu wa jeshi lake, akapewa dola, akazituma nyumbani. Muda si mrefu ikaonekana kuwa askari wa Marekani walioko Berlin wametuma kwao dola nyingi kupita mishahara waliyolipwa. Tofauti ile hapana budi ilipwe na mtu, na aliyeilipa ni hazina ya Marekani.

Hapo ndipo wakubwa wa majeshi walipobuni dawa. Tarehe 1 Agosti 1946 Uingereza ilitoa hati maalumu za fedha kwa majeshi yake yaliyokuwa ng'ambo, kuanzia karatasi ya peni tatu mpaka ya pauni moja. Mwezi uliofuata Marekani ikatoa hati zake, kuanzia senti tano. Zilikuwa karatasi zenye rangi nzuri na nakshi, mtu angezidhania noti za benki, lakini zilipokelewa katika kantini, sinema na maduka ya jeshi tu. Askari alikatazwa kuzitoa nje ya kambi. Mwenyeji wa nchi alikatazwa kuwa nazo.

Tusiwe wepesi wa kulaumu kabla hatujafikiri. Ilikuwapo hoja, na haikuwa hoja ya kipumbavu. Askari elfu hamsini wakiingia katika nchi maskini na fedha yenye nguvu mifukoni, bei ya yai, ya kuku na ya chumba cha kupanga hupanda kwa wiki moja, na anayeumia kwanza ni mfanyakazi wa nchi hiyo ambaye mshahara wake haukupanda. Fedha ya kambini ilikusudiwa kuizuia dola isivuje. Nchi ya wenyeji ilindwe na mfumuko wa bei, na hazina ya kule kwao ilindwe na ulanguzi. Hata sisi tungekuwa na wageni wengi namna hiyo, pengine tungetaka kitu kama hicho.

Walakini ua haukuzuia kitu. Mbele ya kila kambi palikuwa na mama afuaye nguo, kijana apigaye viatu rangi, mwenye duka la vinywaji, kinyozi, na dereva wa teksi. Askari aliwalipa kwa alichokuwa nacho, yaani hati za kambini, nao wakapokea, kwani kesho askari mwingine angezitaka na angezinunua. Kwa hiyo karatasi ambayo sheria ilisema haitoki nje ilitoka kila siku, ikazunguka mitaani, ikawa akiba ya watu wasioruhusiwa kuwa nayo. Mambo yakawa hivyo Japani, Korea, na baadaye Vietnam, ambako Wamarekani walizitumia tangu mwaka 1965.

Kisha ilifika siku ya kubadilisha. Tangu 1946 mpaka 1973 Marekani ilitoa matoleo 13 ya hati hizo, na kila toleo jipya lilipotoka, la zamani lilikufa. Siku yenyewe ilifanywa siri. Asubuhi moja milango ya kambi hufungwa, hapana atokaye wala aingiaye. Askari hupanga mstari, hutoa karatasi zao za zamani, hupewa mpya. Ifikapo jioni kazi imekwisha. Wale waliokuwa nje ya lango, wenye karatasi za jana, waliruhusiwa kuzitazama tu. Wengine walikuja mbio mpaka kwenye seng'enge wakiwasihi askari wawabadilishie kwa nusu ya thamani, kwa robo, kwa chochote. Yakini walikuwamo walanguzi miongoni mwao, nao hatuwasikitikii. Lakini mlanguzi aghalabu huwa na rafiki ndani ya kambi wa kumtonya. Mfua nguo hana.

Jambo hilo ndilo tulitakalo wasomaji walishike. Anayeipiga chapa fedha ya kambini hapati hasara siku inapokufa. Kinyume chake, hupata faida, kwa sababu kila karatasi isiyorudi mkononi mwake ni deni lililofutika bila kulipwa. Sabuni ya mfua nguo imekwisha kutumika, shati limekwisha kuvaliwa, na mwenye deni amefunga mlango.

Msomaji atauliza, hayo ya Berlin na Saigon yatuhusu nini sisi wa Tanzania? Yatuhusu kwa sababu nchi hii iliyaonja miaka 30 kabla yao.

Chini ya Wajerumani fedha yetu ilikuwa rupia. Tangu mwaka 1904 ilihesabiwa heller 100 kwa rupia moja, na rupia 15 zililingana na marki 20. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya Ngorongoro wakati ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walipokuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe. Na ndiyo waliyotakiwa watu wa Mbulu waitafute ili walipe kodi, maana serikali haikutaka tena mtama wala mbuzi. Karatu wakati huo ilikuwa sehemu ya nchi ya Mbulu, na ilibaki hivyo muda mrefu. Mtu aliyelima na kufuga hakuwa na haja kubwa ya rupia. Haja hiyo iliundwa na boma.

Vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Kiingereza ziliifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya. Jeshi la Kijerumani lilikuwa na askari na wapagazi maelfu wa kulipwa na kulishwa. Kuanzia mwaka 1915 Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikatoa noti za muda, zilizopigwa chapa hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine nzito kama za kufungia bidhaa dukani. Watu walizishuku tangu siku ya kwanza, nao walikuwa na haki. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zikapigwa sarafu za heller 20 na heller 5 kwa shaba iliyokusanywa, pamoja na maganda ya mizinga, zaidi ya sarafu milioni moja. Na sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo mbele ya mlima, zipatazo 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke ulioko Iramba. Hiyo ya tembo leo hutafutwa na wakusanyaji duniani kote kwa bei kubwa. Mpagazi hakuishika ile ya tembo. Yeye alipewa shaba na karatasi. Na jeshi lilipokwisha kusukumwa kusini, mwaka 1917, noti nyingine zikatengenezwa porini kwa mihuri ya mpira, herufi moja moja, kama mchezo wa watoto wa shule.

Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Arusha na nchi ya kaskazini zilikuwa zimekwisha kushikwa na Waingereza mapema mwaka huo huo. Serikali mpya haikulichukua deni la ile ya zamani. Fikiri basi juu ya mtu aliyeuza ng'ombe wake wawili kwa jeshi la Wajerumani, akapewa noti za muda kwa nguvu ya amri, akaziweka ndani ya mtungi. Ng'ombe wameliwa vitani. Mtungi unazo karatasi. Nchi ina bwana mpya na fedha mpya, na kodi yadaiwa vile vile, ila kwa rupia ya Kihindi, kisha, kuanzia mwaka 1920, kwa florini, na kuanzia 1922 kwa shilingi. Katika muda wa miaka sita mtu yule yule, bila ya kuondoka kwenye boma lake la ng'ombe, alitakiwa aziamini fedha za aina nne.

Upande wa Waingereza nao haukuwa na mikono safi. Wapagazi waliochukuliwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, wale ambao jina lao limebaki katika soko la Kariakoo, walipangiwa mwaka 1915 ujira wa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza na rupia 6 baadaye, chini ya kile walichokuwa wakipata wenzao walioandikwa mwanzoni mwa vita. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ujira wa wengi waliokufa haukudaiwa, kwa kuwa jina liliandikwa vibaya au mjane hakujua aende wapi, na fedha hizo zilibaki katika vitabu vya serikali huku maofisa wakiandikiana barua kwa miaka mingi. Karatasi ya namna nyingine, lakini hesabu ni ile ile.

Askari wa Kiafrika waliokuwa na Lettow-Vorbeck mpaka alipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, walipewa vyeti badala ya mishahara waliyokuwa wakidai. Malipo yalikuja katika miaka ya 1920, na malipo mengine ya uzeeni katika miaka ya 1960, baada ya wengi wao kufa. Husimuliwa, na vitabu vya vita ile vimekirudia kisa hiki ingawa hatuwezi kukitolea kiapo, kwamba mhasibu wa benki aliyetumwa kutoka Ujerumani aliwakuta wazee wengi hawana vyeti vyao tena; basi akamwita kila mmoja mbele, akampa fagio ashike kama bunduki, na kumwamrisha kwa Kijerumani. Wote wakazifuata amri bila kukosea. Wazungu hukisimulia kisa hiki wakitabasamu kwa utii wa askari. Sisi twaona mzee wa miaka 70 anayetakiwa acheze kwata na fagio ili athibitishe kuwa anadai mshahara.

Vita vya Pili vilipokuja, mambo yaligeuka kwa namna ambayo yatupasa kuikumbuka kwa unyofu. Safari hii shilingi yetu ndiyo iliyokuwa fedha ya jeshi katika nchi za watu. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliandikwa jeshini. Majeshi ya Afrika Mashariki yalipoingia Somalia na Ethiopia mwaka 1941, yalikwenda na shilingi ya Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ile yenye simba upande mmoja na mfalme upande wa pili, na senti kumi yenye tundu katikati. Ikatangazwa kuwa fedha halali huko. Lira za Mtaliano zikashuka, na Msomali aliyekuwa na akiba ya lira akakutwa na yale yale yaliyomkuta mtu wa Mbulu mwaka 1916. Waethiopia walikuwa werevu zaidi. Hawakuipenda karatasi ya mtu yeyote. Walitaka riale ya fedha tupu yenye sura ya Maria Theresa, malkia aliyefariki mwaka 1780, na Waingereza ikawabidi wazipige sarafu hizo Bombay ili jeshi liweze kununua nafaka na kukodi nyumbu. Mwaka 1945 Ethiopia ikatoa dola yake yenyewe na shilingi ikaondoka.

Askari wetu wengine walipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 wakapigana katika bonde la Kabaw huko Burma. Huko walikuta Wajapani wameijaza nchi noti za rupia walizozipiga wenyewe. Waingereza waliporudi walizifuta noti zile, wakaleta za Kihindi zilizopigwa juu yake maneno ya kusema kuwa ni halali ndani ya Burma tu. Mkulima wa Burma aliyeuza mpunga wake kwa Mjapani alibaki na magunia ya karatasi. Mwafrika aliyekuwa akipita kijijini hapo na bunduki begani hakuwa na hatia katika hayo. Lakini alikuwa upande wa ndani wa ua.

Tumekwenda mbali, natuirudie njia ya Karatu.

Tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere aliifungua Benki Kuu ya Tanzania. Kabla ya hapo fedha yetu iliendeshwa na bodi iliyoketi London tangu 1919 na kuhamia Nairobi mwaka 1960 tu. Ni kweli kwamba benki yetu haikuweza kuilinda shilingi isianguke. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti chache. Katikati ya mwaka 2024 ilipita shilingi 2,600. Hatufichi tarakimu hizo, maana mfanyakazi huziona kila aendapo dukani, na gazeti likizificha halitaaminiwa na mtu.

Basi katika nchi hiyo yenye benki yake na fedha yake, kilikuwako kwa miaka mingi kipande cha barabara ambapo shilingi ilikuwa kama mgeni. Ada ya gari kushuka ndani ya kreta ilitangazwa kwa dola, 250 katika miaka ya karibuni kabla ya kodi. Nyumba za wageni kutoka Rhotia mpaka ukingoni ziliandika bei kwa dola, wakati mwingine hata kwa Mtanzania aliyekwenda kumtembelea nduguye. Kodi ya fremu ya duka na ya uwanja wa kuegesha magari ilitajwa kwa dola. Na mshahara? Mshahara wa mpika chakula, wa mtandika vitanda, wa mlinzi, wa mwosha magari, huo ulikuwa wa shilingi. Dola ilipopanda, mapato ya mwenye hoteli yalipanda siku hiyo hiyo. Mshahara ulikaa pale pale mpaka atakapojisikia. Hapo ndipo ulipo ua, ingawa hauna seng'enge wala mlinzi mwenye kofia ya chuma.

Wazee wa Oldeani hawataliona jambo hili kuwa jipya. Katika mashamba ya mkonge na ya kahawa ya Tanganyika ya wakoloni mtu alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mpaka siku zote 30 ziwe zimetiwa alama, hakuwa na mshahara. Akiumwa siku ya 27, akaondoka, mkononi ana kadi yenye alama 27, na kadi hiyo haikununua chumvi popote. Naye mwenye shamba alikuwa amekwisha kuchuma kahawa ya siku 27.

Kanuni zilizotangazwa katika Gazeti la Serikali tarehe 28 Machi 2025 zilikataza kutangaza au kupokea bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa katika mambo machache kama ada za viza kwenye balozi, michango ya mashirika ya kimataifa, mikopo ya benki na maduka yasiyotozwa ushuru. Mgeni hakukatazwa kuja na dola zake. Alitakiwa azibadilishe benki au alipe kwa kadi. Tuliziunga mkono kanuni hizo, nasi twaziunga mkono hata sasa. Ila tumesikia hoja za wanaozipinga, na baadhi yao si walanguzi, ni wafanyakazi wenyewe.

Mwongoza watalii mmoja mmoja husema hivi: mimi nalipwa kwa dola, na dola ndiyo ngao yangu. Shilingi ikianguka, mwanangu bado atalipiwa ada ya shule. Mkiniondolea dola mmeniondolea akiba. Hoja hii haifai kupuuzwa, wala haijibiwi kwa kupiga kelele za uzalendo. Anasema kweli juu ya mfuko wake. Lakini wapo wangapi kama yeye? Kwa mwongozaji mmoja anayelipwa dola wapo wabeba mizigo, wapishi, wafuaji na wauza mboga wengi mno wanaolipwa shilingi, nao hununua unga katika soko lile lile ambalo bei zake zimevutwa juu na dola yake. Na yeye mwenyewe, siku anapoletewa noti ya mwaka usiotakiwa, hugundua kuwa ngao yake ina tundu. Serikali ya Marekani haijaifuta noti ile. Kule kwao ni halali hata leo. Ni halali kwa awezaye kuirudisha kwao. Hii ndiyo tabia ya fedha ya kambini hasa: thamani yake iko ndani ya lango fulani, na mwenye ufunguo ni mwingine.

Wenye hoteli nao wana lao. Husema bei hupangwa mwaka mmoja au miwili kabla ya mgeni kufika, huko Ulaya na Marekani, na kwamba mkataba wa shilingi hauwezi kubeba muda huo. Katika biashara kati yao na wakala wa ng'ambo hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu unaanzia pale mzigo wa hatari ya shilingi unapotuliwa begani mwa mwosha vyombo. Anayeweza kumdai wakala wa London dola hawezi kusema hajui jinsi ya kuupandisha mshahara wa Karatu dola inapopanda. Hesabu ni ile ile, kalamu ni ile ile.

Kwa hiyo twasema mambo haya waziwazi. Mishahara yote iandikwe kwa shilingi, na katika mikataba ya hiari ya mahoteli na kampuni za utalii kiwekwe kifungu cha kuipitia upya kila mara thamani ya shilingi ibadilikapo kwa kiasi kitakachokubaliwa. Chama cha CHODAWU, ambacho kina wanachama wake katika mahoteli na hifadhi, kilifanye hili kuwa dai la kwanza mezani kabla ya kudai kofia na fulana za Mei Mosi. Mikataba ya zamani ilipewa mwaka mmoja irekebishwe. Wanachama na waombe kuiona, waisome, na wasitie sahihi karatasi wasiyosomewa.

Juu ya bakshishi twaongeza neno. Hapana sheria iwezayo kumzuia mzee wa Kimarekani aliyefurahi asitoe noti mfukoni ampe kijana aliyemwonyesha chui. Wala haifai. Lakini kampuni yenye akaunti ya fedha za kigeni yaweza kuzipokea noti hizo kwa wafanyakazi wake, za miaka yote na za ukubwa wote, ikawapa shilingi kwa bei ya benki ya siku ile, kisha yenyewe ikahangaika na benki. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwa mhasibu. Kwa dereva ni safari ya mpaka Arusha na kurudi, na nauli, na pengine jibu la kidole.

Benki Kuu yenyewe imekwisha kuonyesha namna ya kuitendea karatasi iliyozeeka. Ilipoziondoa noti zetu za miaka ya 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ilitangaza mapema, ikatoa miezi mitatu, tangu 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, na mtu yeyote aliruhusiwa kwenda kwenye tawi lake au kwenye benki ya biashara akapewa thamani kamili. Hapakuwa na siri wala lango lililofungwa asubuhi. Maduka ya kubadilishia fedha yana leseni ya Benki Kuu hiyo hiyo. Twaiomba iyaagize yapokee kila noti ya kigeni iliyo halali huko itokako, bila kujali mwaka wake, na kwa bei moja kwa noti ndogo na kubwa; na duka litakalokataa liandike sababu, litie mhuri, limpe mteja karatasi hiyo aende nayo kwa mkaguzi.